Tupande au Tungoje?



Baada ya ibada moja hapa Kajaga tulimpa mama mmoja tawi la umuravumba alichomeke kando ya nyumba anayopanga. Alilikataa kwa upole. Akasema, "Mchungaji, nikipanda hapa nitakuwa nimekubali kwamba sirudi kwetu." Tulinyamaza, maana neno lile lilitugusa sisi pia.

Umuravumba mnaujua. Ni kichaka cha jamaa moja na mrehani na mnanaa. Majani yake yananata mkononi na harufu yake haiishi upesi. Warundi na Wanyarwanda wameutumia tangu zamani kwa kikohozi na homa. (Mwenye malaria aende hospitali hata hivyo!) Linalotushangaza ni kwamba huchanua wakati wa kiangazi, mara nyingi majani yakiwa yamepukutika. Tena hauhitaji mbegu: ukikata tawi ukalichomeka penye unyevu, linashika.

Je, kupanda ni kukata tamaa ya kurudi? Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba na wapande bustani. Lakini barua ile ile, katika sura ya 29, inawaahidi kurudi baada ya miaka 70. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana. Naye mwenyewe alinunua shamba kule Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu.

Hata hivyo tusimhukumu mama yule. Miaka 70 ni mingi, na wengi waliosikia barua ile walizikwa ugenini. Sisi tuliopanda miembe ng'ambo ya Rusizi, leo hatujui nani anakula matunda yake. Na kupanga nyumba kuna taabu zake. Mwenye kiwanja mmoja aliwahi kutuamuru tung'oe umuravumba wetu, akidhani tunajitafutia haki juu ya ardhi yake. Tuling'oa bila kubishana, kwa kuwa ardhi si yetu. Lakini majirani Warundi walikuwa wamekwisha kukata matawi na kuyapanda kwao. Mwaka uliofuata mtoto wetu alipokohoa, tulikwenda kuomba majani kwao, wakatupa. Hapo ndipo tulipoona kwamba swali la mama, kama tutakaa au tutarudi, si swali pekee. Liko pia la nani atakayefaidi, hata kama sisi hatupo.

Juzi mama alirudi kuuliza kama tawi laweza kukaa siku ngapi ndani ya kitambaa kibichi likiwa safarini. Tulimwambia siku chache tu. Akachukua mawili.