Tope la Kilindini na Wajibu wa Wenye Vilima

Swali la iwapo mwanadamu anawajibika kwa kitu ambacho macho yake hayatakiona kamwe huwahusu wakazi wa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Buha, kwa namna ya pekee, kwa sababu mvua inayoosha mashamba yao ya maharage na mihogo huelekea Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikubwa kinafikia takriban mita 1,470.

Habari za kilindi hicho huletwa na meli za utafiti. Katika miaka ya 1990, meli ya Tanganyika Explorer, chini ya mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) uliofadhiliwa na Finland, ilizunguka ziwa ikikadiria wingi wa dagaa na migebuka kwa kipima mwangwi, yaani chombo kinachopeleka sauti majini na kuipokea inaporudi. Meli za aina hii huteremsha pia vipimo vya joto na oksijeni, na bomba zito linalozamishwa sakafuni na kupandishwa likiwa limebeba nguzo ya tope. Nguzo hiyo ndiyo yenye uzito katika mjadala huu, kwani chini ya mita 100 hivi kaskazini, na 200 hivi kusini, maji hayana oksijeni wala mnyama wa kufukua tope, hivyo matabaka hubaki yalivyotua, yakiwa yamehifadhi chavua, masizi ya mioto ya nyika na udongo uliosombwa na mvua za nyakati zake.

Kuhusu yasiyoonekana kama hayo, wanazuoni wa Kiislamu hutenganisha ghaibu, yaani siri aijuayo Mungu peke yake, na mambo yaliyofichika kwa baadhi ya viumbe tu, ambayo hufahamika kwa shahidi mwaminifu au kwa chombo. Sakafu ya ziwa imo katika fungu la pili, na tangu bomba lilipoifikia, mkulima na mtawala hawawezi tena kudai kwamba hawakujua udongo wao unakoishia. Hata fundisho la Kikristo la kumpenda jirani halikuweka sharti kwamba jirani huyo aonekane.

Hata hivyo, haki inadai mizani. Sehemu kubwa ya udongo unaochukuliwa na mto Malagarasi kutoka pande za Kibondo hutuama katika vinamasi vya Moyowosi kabla ya kufika ziwani, ilhali mto Luiche, unaoshuka kutoka pande za Kasulu, una njia fupi zaidi. Tena kuni za mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu au Nduta, ambaye hakuchagua mahali pa kuishi, haziwezi kuhukumiwa sawa na msitu uliofyekwa kwa ajili ya faida. Wajibu basi upo, lakini hauwaelemei wote kwa kiasi kimoja.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) walioko Kigoma wanapaswa kuyapandisha matokeo yao hadi Kasulu na Kibondo, na mashekhe, mapadri na wachungaji wa huko wayapokee na kuyafundisha misikitini na makanisani, kabla ya msimu wa kulima kuanza.