Nguo Nne Ambazo Bwana Alizifuma Ndani Yetu



 Kabla ya kuendelea, kila mtu ashike Biblia yake asome Zaburi 139 toka mstari wa 13 hadi 16, kisha Ezekieli 37 toka mstari wa 1 hadi 10, kisha 1 Wakorintho 12 toka mstari wa 12 hadi mwisho. Hatutaiandika mistari hiyo hapa. Karatasi ni chache, na Biblia mnazo.

Tunaanza na kosa letu sisi viongozi. Katika parokia yetu yuko mama mmoja, jina lake hatulitaji, aliyekuwa mpishi wa karamu zote za kanisa. Siku ya kufungua mfungo alikuwa akiondoa sufuria ya bukari juu ya mbabula kwa mikono mitupu, bila kitambaa, makala yakiwa mekundu chini yake. Watoto walipiga makofi. Nasi tulifurahi pia. Tulisema: Tazameni, moto haumwezi, kama vile haukuwaweza wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Mmoja wetu alilisema jambo hilo hata madhabahuni, na mkutano wote ukaitika Amina.

Muda ukapita. Kidole chake kimoja kikapata kidonda, na kidonda kikaanza kunuka. Tulimwombea, tulifunga siku tatu, tulimnyunyizia maji ya baraka. Maombi yale hatuyajutii hata kidogo. Tunachojutia ni hiki, kwamba katika siku zote hizo hakuna hata mmoja wetu aliyekunja mkono wa kanzu yake ili autazame mkono wenyewe. Binti yake, aliyekuwa akijifunza kazi ya kutunza wagonjwa, ndiye aliyeukunja. Aliona baka jeupe-jeupe karibu na kiwiko. Akamwambia mama yake afunge macho, akaligusa baka lile kwa uzi wa pamba, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mama akauliza: “Mwanangu, utaanza lini?”

Ulikuwa ukoma. Nguvu tuliyoihubiri ilikuwa neva iliyokufa.

Baada ya aibu hiyo tulimwomba yule binti, pamoja na munganga wa kituo cha afya, watufundishe namna mwili ulivyofanywa. Tuliyoyapata tunawapa ninyi, pamoja na yale tuliyoyaona tukirudi kwenye Maandiko.

Wenye elimu wanasema mwili umefanywa kwa seli, vitu vidogo hata jicho peke yake haliwezi kuviona. Lakini seli hazikai ovyo kama mchanga ndani ya gunia. Zile zenye kazi moja hukaa pamoja, zimepangwa na kushikana, na kundi la namna hiyo huitwa tishu. Neno hili limetoka katika Kifaransa, tissu, lile lile ambalo mama zetu hulisikia sokoni wanaponunua kitambaa. Aliyelieneza kwa habari za mwili ni munganga Mfaransa Xavier Bichat, aliyekufa mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu. Hakutumia darubini. Alipasua maiti, akachemsha, akakausha, akagusa kwa vidole, na mwisho akahesabu tishu 21. Wale wa baada yake, wenye darubini, wamezipanga katika makundi 4 makubwa. Kwa hiyo Mfaransa yule alipoutazama mwili ndani aliona nguo. Mwandishi wa Zaburi 139 alikuwa amekwisha kusema zamani kwamba Mungu alimfuma tumboni mwa mama yake. Waliowahi kuona Wakuba wa Kasai wakitengeneza nguo za rafia, wanaume wakifuma na wanawake wakitia nakshi juu yake, wataelewa upesi kuliko wengine.

Nguo ya kwanza ni ya kufunika. Ndiyo ngozi ya nje, ndiyo pia bitana ya ndani: ya kinywa, ya tumbo, ya matumbo, ya mapafu. Seli zake zimebanana sana ili uchafu usipite, ila ndani ya mapafu zimekuwa nyembamba mno ili hewa iweze kupita. Jasho, mate, machozi, hata maziwa ya mama, vyote vinatoka kwenye tezi za tishu hii. Ngozi ya juu hujifanya upya kwa muda wa mwezi hivi, nayo bitana ya matumbo hujifanya upya kwa siku 3 hadi 5 tu. Na sisi tunaovaa kanzu nyeupe tusikilize jambo moja: tishu ya kufunika haina mishipa ya damu yake yenyewe. Inaonekana kuliko zote, lakini chakula chake kinatoka chini, kwa tishu isiyoonekana.

Hiyo ya chini ndiyo nguo ya pili, ya kuunganisha. Hapa tulishangaa sana. Tulidhani mfupa ni kitu kimoja na damu ni kitu kingine, kumbe waganga wanaviweka katika kundi moja. Mifupa, gegedu za magoti na masikio, kano zinazofunga misuli kwenye mifupa, mafuta yaliyo chini ya ngozi, na damu inayotembea, vyote ni tishu ya kuunganisha. Seli zake hazikubanana. Zimetawanyika, na katikati yake mna kitu kingine: katika mfupa ni kigumu, katika gegedu kinanesa, katika damu ni maji. Sehemu nyingi zake hushikwa na nyuzi za kolajeni, zenye nguvu kama kamba. Mtume Paulo katika Waefeso 4 mstari wa 16 anasema habari za mwili unaoshikamanishwa kwa viungo vyake, na sasa tunausoma mstari huo tukizifikiria nyuzi hizo.

Kolajeni ndiyo inayofunga kidonda. Ngozi ikikatwa, seli za kuunganisha hukimbilia pale na kufuma nyuzi, kwanza ovyo ovyo, baadaye kwa utaratibu. Kovu likikomaa lina nguvu, lakini halifikii nguvu ya ngozi ya mwanzo. Hufika sehemu 80 hivi kwa 100. Na kuna jambo lililotutisha zaidi. Kovu halikai hivi hivi. Mwili hulifuma tena na tena, siku zote, na kwa kazi hiyo unahitaji vitamini C, ile ya mapera, machungwa na maembe. Ikikosekana muda mrefu, kovu la zamani hufunguka. Katika safari ya merikebu za Mwingereza George Anson, toka 1740 hadi 1744, mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa huo wa kukosa matunda na mboga. Alikuwamo mzee aliyejeruhiwa vitani zaidi ya miaka 50 nyuma, majeraha yake yamekwisha kupona, nayo yakafunguka upya kama yametoka kukatwa jana.

Ndugu, tuliwapatanisha watu wawili katika parokia hii kwa sababu ya kiwanja. Walishikana mikono mbele ya wote, tukaimba, tukaandika katika daftari kwamba jambo limekwisha. Tangu siku ile hakuna aliyekwenda kuwatembelea, si mmoja wala mwingine. Wenyewe mnajua yaliyotokea mwaka uliofuata, na mnajua kwamba maneno yalikuwa yale yale ya kwanza, hata matusi. Tulidhani kovu ni kazi iliyokwisha.

Nguo ya tatu ni misuli. Hapa hatutakawia, maana nguvu kila mtu anaipenda na kanisa letu halijakosa watu wa kubeba matofali. Iko misuli iliyoshikwa na mifupa, tunayoiamuru wenyewe tunapotembea na kupiga ngoma. Iko misuli ya tumbo na ya mishipa ya damu, inayofanya kazi bila kutuuliza. Na iko ile ya moyo peke yake, inayopiga mara 100.000 hivi kwa siku moja. Mama wanaofagia kanisa alfajiri kabla hatujaamka ni wa namna hiyo ya pili.

Nguo ya nne ni neva, ambazo wengine huziita mishipa ya fahamu. Ni ubongo, wenye kilo moja na nusu kasoro kidogo, ni uti wa mgongo, na ni nyuzi zinazofika mpaka ncha ya kidole. Seli moja ya neva yaweza kutoka mgongoni hadi mguuni, urefu wa meta moja hivi. Kazi yake ni kuchukua habari: baridi, moto, mguso, maumivu, na kurudisha amri: ondoa mkono! Ezekieli aliona mifupa ikikaribiana, kisha mishipa, kisha nyama, kisha ngozi, na bado hapakuwa na uhai mpaka pumzi ilipoingia. Mwili wa namna ile, wenye kila kitu kwa nje na usiojua lolote, twaweza kuwa nao hata sisi.

Mwaka 1873 munganga Gerhard Armauer Hansen wa Norway aliona vijidudu vya ukoma. Vinapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na vinaingia ndani ya neva. Vinakwenda polepole sana. Mtu aweza kukaa miaka 5, hata 20, kabla dalili haijaonekana. Watu husema ukoma unakula vidole. Sivyo. Ukoma unaua habari. Mkono hauambiwi kwamba sufuria ni ya moto, mguu hauambiwi kwamba msumari umeingia, kidonda hakiumi, basi hakuna anayekitunza, usaha unafika mfupani, na kidole kinafupika. Kidole cha mama yetu kiliharibiwa na makala, mbele ya macho yetu, huku tukiitika Amina.

Wengine watasema: Mkienda kwa munganga mmeacha imani. Tunawajibu kwa Maandiko. Katika Mambo ya Walawi 13 Mungu anamwamuru kuhani atazame baka, rangi yake na kina chake, amweke mtu siku saba, kisha atazame tena. Ni kweli kwamba ukoma wa kitabu kile ni jina la mabaka mengi, hata ya nguo na kuta za nyumba, na si ugonjwa huu mmoja tu. Lakini kutazama kuliamriwa. Katika Isaya 38 mfalme Hezekia aliahidiwa miaka 15, na bado nabii yule yule akasema waweke mkate wa tini juu ya jipu. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 17, aliwatuma wale kumi wakajionyeshe kwa makuhani.

Kwa hiyo, sikieni. Mwenye baka jeupe-jeupe au jekundu-jekundu lisilosikia mguso, au ganzi mkononi au mguuni, au vidole vinavyoanza kujikunja, aende kituo cha afya wiki hii, wala asingoje karamu ipite. Dawa ya ukoma hutolewa bure tangu 1995. Mwenye mabaka machache humeza miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Akikwisha kuanza dawa, upesi haambukizi tena, na kushikana mikono hakuambukizi. Wala usiseme umelogwa, wala usimtaje jirani yako. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kumtaja jirani wa yule mama. Ametubu, na amekwenda kwa jirani yule kuomba msamaha nyumbani kwake.

Lakini tusiseme habari za mkono wa mama peke yake. Mwaka ule ule vijana wawili walisimama katika mkutano wakauliza mbona unga wa wajane haukufika kwa wajane. Tuliwaambia wakae chini, wasinung'unike kama Waisraeli jangwani. Walikaa. Hawakuuliza tena, nasi tulisema kuna amani. Unga ule haukuwafikia wajane mpaka leo. Tumeweka daftari jipya, na mmoja wa vijana wale ndiye analiandika. Mwingine hatujui yuko wapi.

Mama yetu alimaliza miezi yake 12. Vijidudu vimekwisha. Neva zilizokufa hazikurudi, na vidole viwili ni vifupi. Tunaomba bado, na yeye anaomba. Kila jioni anaketi karibu na taa, anatazama mikono na nyayo zake, upande huu na upande ule, kama Walawi 13. Sufuria anaishika kwa kitambaa kinene, na binti yake ameizungushia mishikio yake vipande vya miti.

Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani, benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Tulikuwa mbele, katika viti vyetu, na tuliona. Nyimbo mbili zilipita. Ndipo mzee mmoja wa mama, asiyejua kusoma, akaondoka mahali pake na fimbo yake, akaja polepole, akaketi kando yake, akaushika ule mkono. Mama yetu alikuwa akitazama madhabahu. Aliendelea kutazama madhabahu kwa muda, maana mkono haukumwambia kitu. Kisha akatazama chini, akaona.