Kushuhudia Tusiloliona

Mwezi wa Septemba 2019 wenye elimu ya nyota waliona mwanga mpya katikati ya kundi kubwa la nyota lililo mbali mno. Nuru yake ilisafiri miaka milioni 215 kabla ya kutufikia. Wakanena kwamba nyota yenye uzito kama wa jua letu imeraruliwa na shimo jeusi. Lakini nyota ile nani aliiona ikiraruliwa? Hapana mtu; na shimo lenyewe halitoi nuru.

Je, huo ni ushuhuda au ni kisio tu? Akutaye manyoya na damu uani ajua kwamba kuku ameliwa. Bali kumtaja mlaji ni neno jingine, na wengi wetu humtaja paka wa jirani kabla ya kutazama nyayo. Hao hawakufanya hivyo. Nyota ipasukayo yenyewe hupoa upesi, na mwanga wake huwa mwekundu. Iliyoraruliwa hukaa na joto kali na rangi ya samawati miezi mingi. Basi waliutazama mwanga ule miezi 6, kwa darubini za Chile na penginepo, hata ukafifia. Tena Martin Rees alikwisha kuandika mwaka 1988 kwamba nusu hivi ya nyota ya namna hiyo hunaswa na shimo, na nusu hutupwa mbali. Walipopima, wakaona ya kuwa kiasi cha nusu ndicho kilichomezwa.