Wageni Niliowaalika

Shuleni tulikaririshwa: mtoto wa ng'ombe ni ndama, wa kuku ni kifaranga, wa mbwa ni kilebu. Neno hili la mwisho nililijua kwa ajili ya mtihani tu. Mombasa nilikokulia, ukisikia mtu anamtaja mtoto wa mbwa, ujue kuna ugomvi na mtu ashatukanwa. Basi niwazieni mimi, mtu mzima, saa nane usiku, nimepiga magoti kwenye stoo ya nyumba yangu huku Ngong, taulo mkononi, nasugua mgongo wa kilebu asiyepumua na kumbembeleza: "Lia basi, mwanangu. Lia."

Alilia. Lakini usiku ule uliniachia swali, na ndilo ninalolileta kwenu leo. Mtu akiamua kiumbe kizaliwe, si kwa bahati mbaya wala kwa kukiokota njiani, bali kwa kuchagua baba, kupanga tarehe na kupiga hesabu ya bei, anadaiwa nini na kiumbe hicho?

Nianze na ukweli usiopendeza. Sikumpandisha Asali kwa sababu nawapenda mbwa, ingawa nampenda yeye. Nilimpandisha kwa sababu ya karo. Binti yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na rafiki mmoja akanipigia hesabu tamu: Labrador huzaa saba, wanane, kilebu mwenye cheti huenda kwa shilingi 30,000, hebu zidisha. Nikazidisha. Dume akapatikana upande wa Karen, cheti chake kirefu kama orodha ya wapiga kura, na mwenyewe hakutaka pesa. Alitaka kilebu mmoja wa kuchagua mwenyewe.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kuanzia siku ya 58 nilimpima Asali joto asubuhi na jioni. Kwa kawaida mbwa huwa na nyuzi 38 na ushei. Zikishuka chini ya 37, jiandae, mara nyingi uchungu huanza kabla ya saa 24 kwisha. Jioni ile kipimajoto kilisoma 36.8. Sanduku la mbao lilikuwa tayari, limetandikwa magazeti na blanketi kuukuu, na juu yake nimening'iniza ile taa nyekundu ya vifaranga. Kilebu hawezi kujipasha joto siku zake za mwanzo. Akipoa hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Na baridi ya Ngong usiku mnaijua.

Kila mmoja alitoka amefungwa kwenye utando wake. Asali aliuchana kwa meno, akakata kitovu, akalamba na kulamba mpaka sauti ikatoka. Hakuna aliyemfundisha. Baada ya huyu, dakika ishirini. Baada ya yule, saa nzima. Wa nne alimkuta mama amechoka, utando ukachelewa kuchanwa, ndipo nikaingia mimi na taulo langu. Kufikia alfajiri walikuwa wanane, wamejipanga kwenye matiti wakigombea dang'a, kila mmoja gramu mia nne hivi kwenye mizani yangu ya jikoni. Mizani hiyo haijarudi jikoni hadi leo.

Mamangu alipiga simu asubuhi. Yeye haingii nyumba yenye mbwa. Kwetu sisi Mashafi mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mamangu hana mchezo na jambo hilo.

"Ushaosha mikono?"

"Nishaosha, mama."

Akanyamaza kidogo. "Na yule mdogo ashanyonya?"

Yule mdogo alikuwa wa nane. Alinyonya, lakini siku ya pili niliona maziwa yakimtoka puani. Nikamfungua mdomo kwa ncha ya kidole: kaakaa limepasuka katikati, ufa mwembamba toka mbele hadi nyuma. Nitawaambia wazo langu la kwanza lilikuwa nini, maana nikilificha sitakuwa na haki ya kuandika yanayofuata. Niliwaza: elfu thelathini zimekwenda.

Daktari wa mifugo alikuja jioni. "Mama, naweza kukufundisha kumlisha kwa mpira," alisema. "Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Akifika miezi mitatu, minne, tunaweza kufikiria upasuaji. Lakini maziwa yakiingia kwenye mapafu, ndiyo basi." Nikamuuliza imesababishwa na nini. Akasema inaweza kuwa damu, inaweza kuwa lishe au dawa, inaweza kuwa bahati tu; hawezi kuniambia. Kisha akauliza, kama mtu anayejaza fomu: "Wazazi wake wana uhusiano wowote?"

Nikakaa kimya. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeviweka vile vyeti viwili kando kwa kando mezani, cha Asali na cha dume, nikaona jina moja limeandikwa katika vyote viwili. Babu mmoja, pande zote mbili. Alikuwa babu mwenye tuzo za maonyesho. Mnadhani nilishtuka? Nilifurahi. Nililitia jina lake kwenye tangazo.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo, kwenye haya maneno "damu safi". Labrador, licha ya jina lake, asili yake ni mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, mbwa waliochanganyika kadiri mabandari yanavyochanganya kila kitu, wakiogelea kuvuta kamba na kuokota samaki waliochomoka. Katika karne ya 19 mabwana wa Uingereza, wakiwemo wa nyumba za Malmesbury na Buccleuch, wakawachukua ili wawaokotee ndege waliopigwa risasi. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club ya huko, na mwaka 1903 ikawatambua Labrador kuwa mbegu rasmi. Yaani mbwa koko wa pwani alifunguliwa daftari, na daftari lilipofungwa, waliobaki ndani wakaitwa safi na waliobaki nje wakabaki koko. Usafi wenyewe ni wa karatasi. Tena sisi watu wa pwani tusijifanye hatuujui mchezo huu. Kuna nyumba zetu ambamo posa ilirudishwa kwa sababu ya nasaba tu, na mabinamu wakaozwa mabinamu ili jina lisitoke nje. Nilikulia nikiukemea mtindo huo kwa watu. Kwa mbwa nikaulipia.

Na hicho si kitu pekee tulichowaandikia miilini mwao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na Eleanor Raffan walitoa matokeo kwamba karibu Labrador mmoja katika kila wanne ana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, kasoro inayoufanya ubongo usipate sawasawa habari kwamba tumbo limejaa. Katika kundi la mbwa wa kuwasaidia walemavu walilolipima, wenye kasoro hiyo walikuwa robo tatu hivi. Watafiti walitoa maelezo yanayoingia akilini: mbwa mwenye njaa isiyoisha ni rahisi kumfunza kwa vipande vya chakula, basi watu wakawa wanamchagua kizazi baada ya kizazi, bila kujua wanachagua nini. Tulidhani tunachagua utiifu. Kwa kiasi fulani tulikuwa tunachagua njaa.

Madrasa tulisimuliwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Naipenda mno habari hiyo. Lakini mbwa yule alikutwa na kiu yake. Sikusimuliwa kamwe habari ya mtu aliyemtengeneza mbwa mwenye kiu kisha akataka kusifiwa kwa kumpa maji.

Naona kiswahili chetu kina maneno mawili tunayoyachanganya ovyo: hisani na deni. Mwaka mmoja kabla ya haya, mbwa koko mwenye mimba alikuwa analala kwenye kalvati karibu na lango langu. Nilimtupia makombo mara mbili, mara ya tatu nikamwambia bawabu amfukuze. Lilikuwa kosa, nakubali, la kukosa huruma. Lakini nilichomnyima ni hisani. Wale wanane wa stoo hawakuja langoni kwangu. Mimi ndiye niliyewaalika. Na mwalikaji akimpa mgeni wake chakula, hatusemi ametenda wema, tunasema ametimiza wajibu. Zile usiku nilizokesha na taulo, ambazo marafiki walinisifia sana, zilikuwa malipo ya mwanzo ya deni nililolikopa mwenyewe.

Kuna hoja moja ngumu dhidi yangu, na sitaki kuikimbia. Derek Parfit, mwanafalsafa wa Oxford, aliitikisa falsafa ya maadili mwaka 1984 katika kitabu chake *Reasons and Persons* kwa swali la namna hii: utasemaje umemdhuru mtu kwa uamuzi ambao bila huo asingekuwepo kabisa? Itumieni kwa kilebu wangu. Ningechagua dume mwingine, angezaliwa kilebu mwingine. Huyu wa nane asingekuwa popote. Kwa hiyo hana la kunilaumu. Alipewa kile alichoweza kupewa, siku chache zenye ufa, au asipewe chochote.

Nimelizungusha jambo hili kichwani miezi mingi. Sina jibu la kumshinda Parfit, ila nina jambo moja la kusema kama mfugaji. Hakuna kilebu aliyekuwa amesimama nje ya mlango wa dunia akibisha hodi. Nisingewapandisha, hakuna ambaye angenyimwa kitu. Nilipowapandisha, kukawa na mmoja anayezama kwa maziwa ya mamake. Hoja ile inaniuliza kama yeye anaweza kunishtaki. Mimi najiuliza kama nilitazama karatasi nilipopaswa kutazama. Kesi hii ya pili haihitaji mlalamikaji, maana ushahidi wote ninao mwenyewe.

Wapo watakaosema: kwani usingezalisha wewe, watu wasingenunua kwa mwingine, anayefungia mbwa kumi kwenye vizimba na kuwazalisha kila joto? Wangenunua, ni kweli. Lakini ubaya wa jirani haujawahi kuwa kipimo kizuri. Hoja hiyo inanidai zaidi badala ya kunisamehe. Kama sababu ya mimi kuzalisha ni kwamba nafanya vizuri kuliko wengine, basi nifanye vizuri kweli: nipime nyonga na macho ya wazazi kabla, nisome vyeti kama daktari na si kama mpambe wa harusi, na niwe tayari kusema hapana hata karo ikigonga.

Wa nane nilimlisha kwa mpira siku tatu. Usiku wa tatu kifua kikaanza kukoroma. Asubuhi daktari alimdunga sindano akiwa kwenye kiganja changu, na nikamzika chini ya mparachichi. Asali alimtafuta siku nzima, au labda alikuwa anatafuta kitu kingine. Sitaki kumtilia maneno mdomoni. Mamangu nilipomwambia alisema, "Basi, ashapumzika," kisha akasahau kuniuliza kuhusu mikono.

Mmoja alikwenda Karen, sita nikawauza wakiwa na wiki nane. Kila mnunuzi nilimtilisha sahihi kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono: ukishindwa naye, umri wowote, hali yoyote, mrudishe hapa. Bwana mmoja alicheka, "Kwani dada, huyu ni mbwa ama ni bibi?" Akatia sahihi. Zile 180,000, ukitoa daktari, chanjo na chakula, zililipa karo ya mihula miwili. Siwezi kuwaambia najuta, maana binti yangu yuko darasani na ningemtazama vipi? Lakini Asali nilimfunga kizazi, na tangazo lile nimelifuta.

Mwaka jana, mwezi wa sita, gari lilisimama langoni. Yule bwana aliyecheka alikuwa amehamishwa kazi, na nyumba anayokwenda haina uwanja. Akashuka na mbwa wa miezi kumi, mkubwa, mnene kupita kiasi, aliyekwisha kula viatu vya nyumba nzima. Nilisimama pale nikipiga hesabu, bei ya chakula, nafasi, uzee wangu mwenyewe unaokuja. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, mwandiko ni wangu.

Anaitwa Simba, jina alikuja nalo. Daktari amesema apunguze kilo saba, kwa hiyo nampimia chakula kwa kikombe, asubuhi na jioni. Humaliza kabla sijanyanyuka, kisha hukaa mbele yangu na kunitazama kama mtu aliyesahaulika mezani. Namtazama na mimi. Sijasahau.