Huzuni Nayo Yataka Tiba

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, leo nimekusudia kusema nanyi juu ya jambo tulifichalo majumbani mwetu kama kwamba ni aibu, sisi watu wa mwambao tulio huko pwani na sisi tuliohamia huku Nairobi, katika mitaa ya Pumwani, Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh. Jambo lenyewe ni maradhi ya huzuni iliyozidi kipimo, ambayo wataalamu wa lugha yetu wameyapa jina la sonona. Wala sitaanza kwa kuwalaumu nyinyi. Nitaanza kwa kujilaumu nafsi yangu.

Miaka michache iliyopita, baada ya darasa la Magharibi, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu pamoja na mwanawe, kijana fundi wa cherehani. Akanambia: "Sheikh, mwanangu huyu kabadilika. Kazini haendi, barazani hakai, na nikisema naye hanijibu. Nakuomba umtazame." Nikamketisha kijana mbele yangu nikamwuliza: Wasali? Wasoma Qurani? Una uradi wowote? Kisha nikamwambia asubiri, nikamwonya asikate tamaa na rehema za Mola wake, nikamwandikia nyiradi za asubuhi na jioni. Akanibusu mkono, akasema "Inshallah, Sheikh wangu," akaenda zake. Nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Haukupita mwezi, kijana yule akajaribu kujitoa roho. Mwenyezi Mungu kwa fadhila yake akamnusuru.

Nilipokwenda kumtazama hospitali nilimkuta daktari, binti mdogo kwa umri, ameketi kando ya kitanda akimwuliza kwa upole: Wapata usingizi? Waamka saa ngapi? Chakula chapita? Yale uliyokuwa ukiyapenda wayapenda hata sasa? Wajiona mzigo kwa watu wako? Je, moyo wako hukwambia kwamba heri ufe? Na kijana, ambaye kwangu hakusema ila maneno matatu, akayajibu yote. Daktari alipoondoka nikamwuliza: "Mwanangu, mbona mimi hukunambia?" Akasema: "Sheikh wangu, hukuniuliza. Sala nilikuwa nikisali. Ila nikisujudu nalikuwa nikitamani nisiinuke tena."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Nilimwuliza juu ya sala yake, nikasahau kumwuliza juu ya usingizi wake. Na mtu aweza kuwa mwenye kusali, na akawa mgonjwa.

Basi na tujue kwanza maradhi yenyewe ni nini. Kila mwanadamu huhuzunika, na huzuni ya msiba au ya khasara si ugonjwa. Lakini madaktari wasema kwamba mtu akiwa na majonzi karibu mchana kutwa, karibu kila siku, kwa muda wa wiki 2 au zaidi, au akapoteza raha katika kila alichokuwa akikipenda, na pamoja na hayo usingizi ukamruka au ukamzidi, chakula kikamshinda, nguvu zikamwisha, fikra zikamtawanyika, akajiona hana thamani, na mauti yakawa ndiyo mawazo yake, basi huyo ni mgonjwa wa kutibiwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba walio na maradhi haya ulimwenguni ni zaidi ya watu milioni 280. Nao wamo wanawake waliojifungua karibuni, ambao hulia usiku kucha na mtoto kifuani, nasi twasema mzazi kaingiwa na shetani.

Wako watakaosema: "Haya ni upungufu wa imani." Nami nawauliza hao: Je, imani ya Nabii Yaaqub (A.S.) ilipunguka? Naye Qurani yatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza Yusuf. Bibi Maryam, katika uchungu wa kuzaa peke yake, hakutamani kwamba angalikufa kabla ya siku ile? Na mwaka aliofiwa Mtume wetu na Bibi Khadija na Abu Talib, wanavyuoni hawakuuita Mwaka wa Huzuni? Mitume hawakuwa na sonona, wala sisemi hivyo. Nasema tu kwamba huzuni huwafikia hata watukufu wa viumbe, na Mola wao hakuwakaripia kwayo. Mtume wetu alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba mgonjwa na aliyefiwa wakipewa uji wa shayiri, ili upumzishe moyo. Tazameni basi: dua kwa upande mmoja, na tiba ya mwili kwa upande wa pili. Hakuna aliyesema kwamba uji ule ni upungufu wa kutawakali.

Wengine watasema: "Haya ni majini." Kuwako kwa majini twakuamini, kwani ni katika itikadi yetu, na kumsomea mgonjwa Qurani ni jambo jema lenye baraka. Lakini kuamini kwamba majini wako ni jambo moja, na kusema kwamba kila mwenye kulia bila ya sababu ameshikwa na jini ni jambo jingine. Hilo la pili ni dai, na dai lataka ushahidi. Wangapi katika mitaa yetu wameuza cherehani, kitanda na bangili za mama zao kumlipa mganga atakaye kuku mweusi na ubani wa shilingi elfu kumi, na mgonjwa akarudi vile vile alivyokwenda, ila yu fukara zaidi?

Wala msidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 wa Miladi, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi. Humo aligawanya huzuni sehemu mbili: ile ijulikanayo sababu yake, kama kufiwa na mpenzi au kupotewa na mali, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliinasibisha na hitilafu ya mwili, akasema nayo yatibiwa kwa tiba ya mwili. Huyo alikuwa Mwislamu, na aliandika zaidi ya miaka elfu iliyopita. Sisi tulio nyuma yake ndio tuliorudi kwenye kuku mweusi.

Ama Wazungu, wao nao walikosea kwa upande wao. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya njia ya Thika, si mbali na mitaa yetu, ilianzishwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1910. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wake katika zama za ukoloni, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kwamba maradhi haya ya huzuni ni nadra kwa Mwafrika. Kwani aliwatafuta wapi wagonjwa? Mwaka 1960 bibi mmoja daktari, Margaret Field, alitoa kitabu juu ya watu aliowaona kwenye mizimu ya Waashanti huko Ghana. Huko alikuta wanawake wengi wakijishtaki wenyewe kwamba ni wachawi, kumbe walikuwa wagonjwa wa sonona. Maradhi yalikuwako, ila wagonjwa walikuwa kwa waganga, si hospitali. Na hivyo ndivyo yalivyo mambo yetu sisi hata leo.

Sasa mtauliza: Je, tiba hii ya madaktari yafaa? Ni swali la haki, na jawabu lake si kwa kudhani. Wataalamu huwagawa wagonjwa kwa kura makundi mawili. Hawa wakapewa tiba, na hawa wasipewe, au wapewe kidonge kitupu kisicho na dawa. Kisha wakahesabu nani aliyepona. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenziwe walikusanya majaribio 522 ya namna hiyo, yenye wagonjwa zaidi ya 116,000, wakazipima dawa 21 za sonona. Zote zilikishinda kidonge kitupu, ijapokuwa kwa nyingi katika hizo ushindi wenyewe ulikuwa wa wastani. Kwa hivyo asije mtu akawaambia kwamba dawa ni muujiza, wala asije akawaambia kwamba ni bure.

Na mwenye kupewa dawa hizi ajue mambo matatu. La kwanza, hazifanyi kazi kwa siku moja. Nafuu huanza baada ya wiki 2 mpaka 4, na wengi huziacha kabla ya hapo. La pili, akipata nafuu asizikate kwa rai yake, bali aendelee kwa miezi kama atakavyoamriwa na daktari. La tatu, dawa kama fluoksetini na amitriptilini si vileo, hazilevyi wala hazimtoi mtu katika dini yake.

Lakini dawa si njia pekee. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wataalamu walichagua vijiji 30. Katika nusu yake, kwa kura, wagonjwa walikutanishwa kwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, mara moja kila wiki kwa wiki 16. Walizungumza juu ya misiba yao, magomvi yao na mageuko ya maisha yao, wakatafutiana njia. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa nchi ile ile waliofundishwa kazi hiyo. Majibu yalitolewa mwaka 2003. Katika vikundi, waliokuwa wagonjwa mwanzo ni 86 katika kila 100. Mwisho hawakutimia 7. Katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa 94, wakabaki kama 55. Na hapa kwetu Nairobi, mwaka 2015, wahudumu wa afya wa mitaani waliwafundisha wanawake waliopatwa na mateso namna ya kuyakabili mashaka yao, kwa vikao 5 tu, na wakapata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Ndugu zangu, watu kuketi pamoja kila wiki, mmoja akasema na wenziwe wakasikiliza, si jambo geni kwetu. Tuna mabaraza, tuna darasa, tuna vyama vya akina mama. Tulichokosa ni kufundishwa kusikiliza.

Kizuizi kikubwa kilikuwa ni sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mwenye kujaribu kujiua kuwa mkosa wa kufungwa, na jamaa wakawaficha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Kujiua ni haramu katika dini yetu, na haramu hiyo haikubadilika. Lakini mgonjwa huokolewa kwanza. Huwezi kumfundisha hukumu mtu anayezama; humpa mkono.

Basi yatupasa nini? Enyi maimamu na walimu, akija kwenu mwenye huzuni, mwulizeni juu ya sala yake, kisha mwulizeni juu ya usingizi wake, chakula chake, na je, atamani kufa? Msichelee swali hilo. Kuuliza hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo, bali humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, na mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Enyi wazazi, msimfungie mgonjwa chumbani kwa kuchelea maneno ya majirani. Na wewe uliye katika giza hilo unaposoma haya, ndugu yangu au dada yangu, Mola wako hakukukasirikia. Wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa. Mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua.

Kijana yule alitumia dawa zake, akaenda kwa mshauri wake kila wiki, na nyiradi zake hakuziacha. Ilichukua miezi mingi. Siku moja alikuja darasani na kanzu aliyonishonea kwa mkono wake. Naivaa kila Ijumaa, nikipanda mimbari nakumbuka kuuliza.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio dhahiri na waliofichika, na utusamehe tuliowaona tusiwauliza. Amin. Wabillahi taufiq.