Mapumziko ya Dereva ni Deni la Tajiri

Lusahunga, kata ya Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, ni mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa kupitia Dodoma, Nzega, Kahama na Nyakanazi hugawanyika. Moja hushika njia ya Biharamulo mjini hadi Bukoba, nyingine huingia Ngara kuelekea Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda na Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Dereva wa lori anayepaki hapo usiku amekwisha kula zaidi ya kilomita 1,000 za lami, na zimebaki kama 90 kufika Rusumo. Anavuta pazia la kabini, anajinyoosha kwenye kitanda cha nyuma ya viti, anafumba macho. Simu janja iko pale pale kwenye kishikizo chake juu ya dashibodi, waya wa chaji umechomekwa, na kioo kinawaka: tajiri anauliza gari limefika wapi. Kabla dereva hajajibu, anauliza tena. Halafu anapiga. Swali ninaloliweka mbele ya msomaji ni la imani na la falsafa kabla ya kuwa la teknolojia. Je, mtu huyu amepumzika? Na kama hajapumzika, ni nani atakayeulizwa mbele ya Mungu na mbele ya watu?

Jibu tulilozoea kulisikia kwenye mahubiri, mawaidha na makala za ushauri ni kwamba mwenye simu ajitawale. Azime data, aiweke simu mbali na kitanda, asikubali kuwa mtumwa wa kioo. Ushauri huo una faida kwa anayekesha akitazama video, lakini kwa anayefanya kazi kwa simu umepelekwa kwa mtu asiyehusika. Tazama amri ya Sabato ilivyoandikwa. Katika Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5, anayeambiwa ni mkuu wa nyumba, mwenye mashamba, mifugo na watumishi. Haamriwi kupumzika peke yake. Anatajiwa mmoja mmoja wote walio chini ya mamlaka yake: mwana na binti, mtumwa na kijakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni anayeishi kwake. Kumbukumbu la Torati inaeleza na sababu: watumishi wapate kupumzika sawa na bwana wao, kwa kuwa wanaoamriwa nao waliwahi kuwa watumwa Misri. Punda hana uwezo wa kugoma, na kijakazi hawezi kumwambia bwana wake asubiri hadi kesho. Ndiyo maana amri haikuelekezwa kwao. Imeelekezwa kwa yule ambaye neno lake moja linatosha kuwaamsha.

Uislamu haukuweka siku nzima ya kuacha kazi. Sura ya Al-Jumu'a, aya ya 9 na ya 10, inawataka waumini waache biashara wanapoitwa kwenye swala ya Ijumaa, na swala ikimalizika inawaruhusu watawanyike kutafuta riziki. Lakini Qur'ani ina hukumu nyingine inayoigusa simu kwa karibu zaidi. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila kuomba idhini, na inaelekeza kwamba anayeambiwa arudi, arudi. Aya ya 58 inataja nyakati tatu ambazo hata watumwa na watoto wa nyumba hiyo hiyo hutakiwa kuomba ruhusa: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo kujipumzisha, na baada ya swala ya isha. Mafundisho ya Mtume yameongeza kwamba hodi ni mara tatu, usipoitikiwa, ondoka. Adabu hiyo imeenea hata kwa wasio Waislamu, na kila mtu anajua kuwa anayepiga hodi ya nne ameanza kuvamia. Ujumbe wa saa 5 usiku nao ni hodi, ila mlango unaobishwa uko chini ya mto wa mtu aliyelala, na anayebisha haoni kwamba taa zimezimwa. Hapo dini zote mbili zinakutana: mzigo wa adabu uko kwa anayekuja, si kwa anayejiwa.

Zamani hatukuwa na haja ya kulijibu swali hili kwa sababu umbali ulitujibia. Enzi za Shirika la Posta na Simu, gari likishatoka Dar es Salaam, tajiri alingoja hadi dereva afike mji wenye simu ya mezani. Usingizi wa dereva haukutokana na huruma ya mtu. Ulitokana na uchache wa nyaya. Kisha umbali ukafa hatua kwa hatua. Mwaka 1999 kampuni ya Kanada, Research In Motion, ilitoa BlackBerry ya kwanza, kifaa kilichohamisha barua pepe za ofisini hadi mfukoni. Mwaka 2007 ikaja iPhone, mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android na, hapa Tanzania, M-Pesa. Mwaka 2009 ikazaliwa WhatsApp. Kile kilichoanza kama kifaa cha mabosi leo kimo mkononi mwa dereva, bodaboda, wakala wa pesa na muuguzi wa zahanati, bila mshahara wa bosi. Juu ya simu kuna lakiri za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye mizigo inayopita kwenda nchi jirani, na kuna kifaa cha GPS ambacho matajiri wengi wamekifunga kwenye magari yao. Ramani inamwonyesha tajiri kwamba gari limesimama Lusahunga. Anapouliza limefika wapi, hatafuti habari asiyokuwa nayo. Anataka uhakika kwamba mtu wake yuko macho. Umbali ukishaondoka, mapumziko hayaji tena yenyewe. Lazima mtu aamue kuyatoa.

Sisi tunaoandika juu ya simu hupima betri, kamera na kasi ya chipu, na ni mara chache tunauliza kifaa kimempa nani nguvu juu ya nani. Novemba 2014 WhatsApp ilileta tiki za bluu zinazomwambia mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa. Tangu hapo kunyamaza kumekuwa jibu: aliyesoma asijibu huhesabiwa kuwa amedharau. Tiki hizo zinaweza kuzimwa, lakini mfanyakazi anayezizima huulizwa anaficha nini. Upande wa pili, hali ya Usisumbue ilifika kwenye iPhone mwaka 2012 na kwenye Android mwaka 2014, nayo imewekwa kwa mpokeaji. Yeye ndiye apange saa, yeye ndiye ataje wa kuruhusiwa, yeye ndiye ajieleze asubuhi. Uwezo wa kuandika ujumbe usiku ukaondoka kesho yake, ambao ndio unaomgusa mtumaji, ulikawia. Gmail iliupata Aprili 2019. Mtumaji alipewa macho mapema, subira akapewa baadaye. Kifaa kilichojengwa hivyo hakiwezi kutufundisha adabu, na hatuna budi kuileta sisi wenyewe.

Atatokea wa kusema kwamba mfanyakazi ni mtu huru, kazi aliikubali kwa hiari yake, na kama hataki kupigiwa usiku aseme. Hoja hiyo ingesimama kama gharama ya kukataa ingekuwa sawa kwa pande zote mbili. Tajiri asipojibiwa hukaa na wasiwasi hadi asubuhi. Dereva asipojibu anaweza kukuta funguo za gari zimepewa mwingine. Sheria imeshaliona hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na imempa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, ukiacha nafasi chache za makubaliano ya maandishi, pamoja na saa 24 kila wiki. Haikumwachia mfanyakazi azipiganie peke yake. Ilitungwa miaka mitano kabla ya WhatsApp, lakini mantiki yake ni ile ile: saa 12 zilizokatwakatwa na meseji sita si saa 12 mfululizo. Nchi nyingine zimekwenda mbele. Tangu Januari 2017 Ufaransa inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutoshika simu za kazi nje ya saa za kazi. Australia ilianza kuitekeleza haki ya namna hiyo Agosti 2024. Na nchini Kenya Seneta Samson Cherargei aliwasilisha muswada unaofanana na huo mwaka 2022.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanyonge wenyewe. Wakala wa pesa pale njia panda hana bosi. Akifunga saa 2 usiku, madereva wa saa 4 watatoa pesa kwa jirani yake. Bodaboda anayedaiwa hesabu na mwenye pikipiki kila jioni hawezi kuhubiriwa mapumziko huku watoto hawajala. Kwa hiyo mapumziko si anasa ya wenye mshahara? Ingekuwa hivyo kama dini zingeagiza kupumzika kwa njaa. Lakini katika Kutoka sura ya 16, watu waliotoka utumwani, walio jangwani bila ghala wala akiba, walipewa siku ya sita chakula cha siku mbili. Mkate ulitangulia, mapumziko yakafuata. Anayetaka mwenzake apumzike hana budi kuchangia gharama yake. Mwenye pikipiki anayesamehe hesabu ya siku moja kwa wiki ameitimiza amri kuliko anayeisoma kwa sauti nzuri. Mawakala wa kituo kimoja wakipangiana zamu za usiku, wote hulala kwa zamu na wateja hawapotei. Na mteja, ambaye kwa dakika chache ndiye bosi wa wakala, anaweza kutoa pesa yake mapema kama haja yake inajulikana tangu mchana.

Lipo pia pingamizi la uhai, na watu wa Ngara na Biharamulo wana sababu ya kulielewa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, wengi wakatua Benaco, wilayani Ngara. Waliopotezana njiani hawakuwa na namba ya kupiga. Hakuna anayeijua historia hiyo atakayeiita simu adui. Dereva aliyekwama usiku kwenye pori kati ya Lusahunga na Benaco ana haki ya kumwamsha tajiri wake, na mwenye mgonjwa ana haki ya kumwamsha muuguzi. Katika Luka sura ya 14 Yesu anauliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato, na wanazuoni wa Kiislamu hulegeza hukumu kwa ajili ya dharura. Lakini angalia mwito wa dharura unatoka wapi na unakwenda wapi. Mara nyingi unatoka kwa aliyekwama kwenda kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Mwito wa tajiri usiku hutoka kwa mwenye uwezo kwenda kwa aliyechoka. Kanuni ninayoiona hapo ni hii: kadiri mtu anavyokuwa na mamlaka juu ya mwenzake, ndivyo haki yake ya kumwamsha inavyopungua.

Nawaomba mashehe, wachungaji na mapadri wa Ngara na Biharamulo wayahamishe mawaidha yao juu ya simu, kutoka kwa kijana mwenye simu kwenda kwa mtu mzima mwenye gari, duka, ofisi au shule, na wawaulize wenye mamlaka wanawaamsha akina nani na kwa haja gani. Nawe msomaji, kama kuna mtu hata mmoja ambaye hawezi kukukatalia, ujumbe wako kwake usubiri asubuhi isipokuwa kuna uhai au mali inayopotea. Usingizi wa mfanyakazi ni haki yake kwa sheria na kwa dini. Anayeuchukua bila dharura amechukua kisicho chake, na ni deni atakalolilipa.