Hodi Mlangoni kwa Mgonjwa

Desturi ya pwani ni kubisha hodi mara tatu. Mgeni akijibiwa karibu huingia. Asipojibiwa hurudi kwao bila ya kinyongo. Desturi hii ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana, kwa kuwa inakiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Nataka kuitumia kupimia jambo lililo zito katika zama zetu: magazeti, redio na televisheni vina haki gani juu ya maradhi ya mtu mashuhuri, kama vile mwalimu wa mpira ambaye jina lake limo vinywani mwa maelfu?

Wako wasemao kuwa aliyepata riziki kwa sifa ya umma hana siri mbele ya umma. Hoja hii ina chembe ya kweli. Abiria wana haki ya kujua kama nahodha aweza kushika usukani. Desemba 2012, maradhi ya saratani yalipomrudia Tito Vilanova, klabu ya Barcelona ilitangaza, na msaidizi wake akaishika timu. Ilikuwa lazima, maana mwalimu yule alikuwa kazini. Lakini haki ya kujua kwamba nahodha hawezi haimpi abiria ruhusa ya kufunua shuka lake. Habari ya kazi ni ya wengi. Habari ya mwili ni ya mwenye mwili.

Mpaka huu waweza kulindwa. Mei 2018 Alex Ferguson, aliyekwisha kustaafu kazi ya ualimu wa Manchester United tangu 2013, alipasuliwa kwa sababu ya damu iliyovuja katika ubongo. Klabu ilitoa taarifa fupi: upasuaji umekwenda vema, mgonjwa anahitaji uangalizi mkubwa, na jamaa zake wanaomba faragha. Umma ulipewa fungu lake, na mlango ukafungwa kwa adabu. Subira ile haikumpunguzia mtu kitu. Septemba ya mwaka ule ule mzee alionekana tena uwanjani Old Trafford.

Sven-Göran Eriksson wa Sweden alishika njia nyingine. Januari 2024 alisema mwenyewe, katika redio ya nchi yake, kuwa ana saratani, na kwamba mambo yakienda vizuri sana amebakiwa na mwaka mmoja hivi. Huyu ndiye mgeni wa kwanza kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza, tangu 2001 mpaka 2006, na katika miaka ile magazeti ya London yalimwinda. Mwaka 2006 mwandishi wa gazeti moja alijifanya tajiri wa Kiarabu, akamtega, kisha maneno yake ya faraghani yakachapishwa. Basi mtu aliyenyang'anywa siri ndogo akiwa mzima aliitoa kwa hiari siri kubwa kuliko zote akiwa mgonjwa. Hatuwezi kusema kuwa jambo la kwanza lilikuwa ovu kwa sababu ya uzito wake, kwani kifo ni kizito kuliko mazungumzo ya mezani. Uovu ulikuwa katika kukosekana kwa ridhaa.

Tena utangazaji ule ulizaa wema. Eriksson alikuwa ameeleza tamaa yake ya siku nyingi ya kuiongoza Liverpool. Habari ilipoenea alialikwa, na tarehe 23 Machi 2024 aliwaongoza wachezaji wa zamani wa Liverpool uwanjani Anfield, wakawashinda wa Ajax 4 kwa 2. Alifariki tarehe 26 Agosti mwaka ule, naye ana umri wa miaka 76. Angalinyamaza, asingaliipata siku ile.

Mtu aweza kunikumbusha kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali hii humwusia mgonjwa. Haimpi jirani ruhusa ya kumsemea.

Lakini je, mwenye nyumba akisema karibu, mgeni afanye apendavyo? La. Mgeni hupewa kiti, hapewi funguo za sanduku. Aliyekubali kueleza maradhi yake hakukubali siku zake zihesabiwe kila asubuhi, wala tanzia yake iandikwe angali anavuta pumzi. Mgonjwa pia ana wazazi na watoto, ambao ridhaa yake haiwafungi.

Hapa huwa twapenda kuwalaumu waandishi peke yao. Gazeti ni duka, huuza kinunuliwacho. Picha iliyoibwa dirishani mwa hospitali hupigwa kwa sababu yuko mtu atakayeinunua. Lugha yetu hutofautisha kumjulia mtu hali na kumpeleleza. Amjuliaye mgonjwa hali huja na uji, au dua, au japo kimya chake, naye huondoka ameubeba mzigo kidogo. Mpelelezi huondoka na habari tu, na mzigo huuacha pale pale. Kila msomaji, aifunuapo habari ya mgonjwa asiyemjua, ajiulize ni yupi kati ya wawili hao. Jibu lake ndilo litakalowafundisha waandishi adabu, maana hawataandika kwa muda mrefu kile ambacho hakuna akisomaye.